Baiskeli ya gia: inakufaa wewe, au inamfaa jirani?

Kabla hatujafika mbali, hebu jibu maswali mawili. La kwanza: ile njia unayopita kila siku ikoje? Ni lami, changarawe, mchanga, au ni majabali? La pili: unabeba nini? Madaftari tu, au ndoo mbili za dagaa?

Tunauliza hivyo kwa sababu vijana wengi hapa Mwanza wanapotafuta baiskeli, macho yao yanakwenda moja kwa moja kwenye zile za milimani, ambazo mtaani tunaziita baiskeli za gia. Zina matairi manene yenye vinundu, usukani ulionyooka na rangi za kung'aa. Kweli zinapendeza. Na sisi si ndio watu wa milima na mawe? Basi tunaona zimetengenezwa kwa ajili yetu. Hapo ndipo wengi tunapochemsha, na mimi mwenyewe nimo.

Nilipomaliza kidato cha nne nilipata kibarua cha kusambaza mikate kutoka Igoma kwenda madukani Kisesa. Niliweka akiba karibu mwaka mzima. Siku moja nikaiona: nyekundu, shokapu mbele, shokapu nyuma, gia 18. Nikajua nimeula! Tatizo la kwanza lilijitokeza siku ileile. Fremu yenye shokapu nyuma haina mahali pa kufunga keria. Fundi akalazimisha kwa vyuma na bolti. Wiki ya pili, kwenye mteremko, bolti ikakatika, kreti la mikate likalalia tairi la nyuma, nami nikabana breki ya mbele kwa nguvu zote. Waya ukakatika. Mikate iliokotwa na watoto, mimi nikashonwa nyuzi 5 kidevuni. Alama ninayo hadi leo.

Baiskeli ile haikuwa mbaya kwa kila mtu. Ilikuwa mbaya kwa kazi yangu.

ZIMETOKA WAPI?

Miaka ya 1970 huko California, Marekani, kulikuwa na kundi la vijana waliopenda kuteremka njia za vumbi za mlima Tamalpais. Hawakuwa na baiskeli maalumu. Walichukua mabaiskeli mazito ya zamani, yaliyotengenezwa miaka ya 1930 na 1940, yenye gia moja, matairi manene na breki ya kukanyaga pedeli kinyume. Kuanzia mwaka 1976 walishindana kwenye njia moja iliyoitwa Repack. Jina hilo lina kisa chake: mteremko ulikuwa mkali kiasi kwamba breki ya nyuma ilichemka hadi grisi ikaungua na kutoka moshi. Ukifika chini, kazi ya kwanza ni kufungua gurudumu na kushindilia grisi mpya.

Mwaka 1977 kijana mmoja wao, Joe Breeze, alitengeneza fremu kwa ajili ya kazi hiyo hasa. Mwaka 1979 Gary Fisher na Charlie Kelly wakaanzisha biashara ya kuziuza. Viwanda vikubwa vikaingia, na mwaka 1996 mchezo huo ukaingizwa kwenye Olimpiki ya Atlanta.

Umeona? Babu wa baiskeli ya gia ni ndugu wa ile nyeusi ya babu yako, iwe Phoenix ya China au Swala iliyokuwa ikitengenezwa Dar es Salaam. Wale vijana waliongeza vitu viwili vya maana: gia za kupandia mlima bila kusukuma, na breki za kusimamisha mtu anayeteremka. Kwa hiyo ukitaka kujua kama baiskeli ni ya mlimani kweli, achana na rangi. Angalia gia, halafu angalia breki.

GIA: HESABU MENO

Chukua baiskeli nzito ya kawaida. Utakuta mbele kuna meno kama 44 na nyuma 18. Gurudumu ni la inchi 28. Ukizungusha pedeli mara moja, unasogea mita 5 na ushee. Kwenye tambarare ni raha. Kwenye mlima unalazimika kusimama na kugandamiza kila pedeli kwa uzito wako wote, na mzigo huo unabebwa na magoti.

Sasa chukua baiskeli ya gia yenye gurudumu la inchi 26. Ukiweka meno 28 mbele na 28 nyuma, mzunguko mmoja wa pedeli unakusogeza mita 2 tu. Unakwenda polepole, lakini unapanda umekaa, na pumzi inabaki ya kumsalimia mtu. Ukifika kwenye lami tambarare unaweka 48 mbele na 14 nyuma, unakula mita 7 kwa mzunguko.

Hiyo ndiyo faida, na ni faida ya kiafya kabisa. Goti linapenda mizunguko mingi myepesi kuliko michache mizito. Lakini usidanganywe na namba 18 au 21 iliyoandikwa kwenye fremu. Nyingi ya gia hizo zinarudia kazi ileile. Kwa safari za kila siku utatumia 4 au 5. Na jifunze kubadili kabla ya kufika mlimani. Ukisubiri hadi miguu imekwama ndipo ubadili, cheni itaruka na utaanguka kama gunia.

BREKI NA SHOKAPU

Baiskeli nyingi nzito zina breki za fimbo: vyuma virefu vinavyovuta raba kugusa rimu. Ni imara, haziharibiki ovyo, na fundi wa kijijini anazijua. Ila mvua ikinyesha, rimu ya chuma ikilowa, unabana na baiskeli inaendelea na safari zake. Breki za waya zenye raba ndefu, kwenye rimu ya aluminiamu, zinakamata vizuri zaidi. Kama nyumbani kwenu ni mteremkoni, hili peke yake lingetosha kukufanya uchague gia.

Lakini waya ni waya. Uangalie kila wiki pale unapoingia kwenye mkono wa breki. Ukiona nyuzi mojamoja zimekatika, badilisha siku hiyohiyo. Waya ni bei ya chini kuliko meno. Mimi nilikuwa nimeziona zile nyuzi, nikasema nitabadilisha mwisho wa mwezi.

Shokapu ni habari nyingine. Kwenye baiskeli ghali zinafanya kazi kweli. Kwenye zile za bei ya chini zinaongeza uzito, zinameza nguvu yako unapopanda (unakanyaga, springi inashuka, wewe huendi), na mchanga ukiingia zinaanza kulia na kuchezacheza. Baadhi ya baiskeli hizo zimebandikwa kabisa onyo kwenye fremu kwamba zisipelekwe kwenye njia mbovu! Mtu ananunua baiskeli ya mlimani iliyokatazwa kwenda mlimani. Ushauri wangu: kama huna hela ya kutosha, tafuta ile ya gia yenye fremu ya kawaida na uma wa mbele usio na springi. Upepo wa wastani kwenye tairi nene ni shokapu tosha.

NJIA ZETU

Twende mtaani sasa. Anayeishi Bugando, Isamilo au juu ya Capri Point ana mlima wa kweli, na sehemu kubwa ya barabara inapitika. Huyo gia zinamfaa, hasa kama anabeba begi tu. Asubuhi anateremka, jioni anapanda, na mwili unapata mazoezi bila kulipia ukumbi.

Anayeishi juu ya mawe ya Mabatini au Igogo, tuseme ukweli. Vichochoro vingine vina ngazi za mawe, vingine ni jabali tupu lenye maji machafu yanayopita katikati. Hakuna baiskeli ya dunia hii itakayokufikisha mlangoni. Utaibeba. Kwa hiyo kitu cha kupima kwako ni kilo. Ile nzito inakaribia kilo 20, nyingine zinazidi. Ya gia yenye fremu ya aluminiamu inaweza kuwa kilo 14 au 15. Inue dukani, iweke begani, tembea nayo hatua 30. Bega litakupa jibu.

Barabara ya Nyerere kuelekea Nyakato, Igoma na Kisesa, na ile ya Kenyatta kupita Mkuyuni kwenda Nyegezi na Buhongwa, ni lami. Pale vinundu vya tairi vinakuchosha bure: vinanguruma na kuvuta. Ukiwa na gia na njia yako ni lami, mwambie fundi akuwekee matairi ya inchi 26 yasiyo na vinundu vikubwa. Hapo hatari kubwa ni daladala, malori na bodaboda. Vaa nguo inayoonekana, weka kiakisi mwanga nyuma, na usiku usiende bila taa. Helmeti ukiipata ya mtumba, ikague. Yenye ufa, au ambayo imeshapokea pigo kubwa la kuanguka, haikulindi tena.

Ukitoka mjini, ardhi inabadilika. Wasukuma waliipa kila aina jina lake miaka mingi kabla wataalamu wa udongo hawajafika. Kuna luseni, mchanga wa karibu na vilima vya mawe. Kule tairi nene la inchi 2 likipunguzwa upepo kidogo linaelea, wakati lile jembamba la inchi moja na nusu linazama na kukulazimisha kushuka. Hapo gia inashinda waziwazi. Halafu kuna mbuga, ule udongo mweusi wa mabondeni. Kiangazi unapasuka nyufa za kumeza gurudumu. Masika unanata kama ugali mbichi, unajaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Kwenye mbuga iliyolowa wote ni sawa: unavua viatu, unaibeba.

Na usisahau mbigili. Miiba yake haichagui, lakini pancha ikitokea kijijini utamkuta fundi chini ya mwembe mwenye tairi na tyubu za inchi 28. Za 26 mara nyingi hadi mjini. Vivyo hivyo na ile mikono ya kubadilishia gia: ikivunjika huko, utarudi na gia moja tu.

Ndiyo maana kwa mizigo bado nasema nzito. Magunia, kuni, ndoo za maji, dagaa kutoka mwaloni, abiria: fremu yake ndefu na keria ya chuma vimetengenezwa kwa hayo. Baiskeli za gia nyingi zina fremu fupi. Mzigo ukikaa nyuma, mbele kunapepesuka, na spoki za nyuma zinakatika moja baada ya nyingine. Wapo waliojaribu kuunganisha mambo haya mawili. Upande wa pili wa ziwa, Kisumu, shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005, linaunganisha baiskeli ziitwazo Buffalo: fremu nene ya chuma, gurudumu la inchi 26, keria inayobeba kilo 100, na hazina vikorombwezo vya kuharibika. Hiyo inakuonyesha kwamba waliofikiria sana barabara zetu hawakuanza na shokapu.

MWILI WAKO

Hata ukichagua vizuri, baiskeli isiyokutosha itakuumiza. Simama umeipanua katikati ya miguu, nyayo zote chini. Kwa njia mbovu, bomba la juu liwe chini yako kwa sentimita 5 au zaidi. Likikugusa hapo, siku utakaporuka mbele ghafla utajuta.

Halafu tandiko. Kaa, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa: mguu unyooke. Ukirudisha sehemu ya mbele ya wayo kwenye pedeli, goti litakuwa limekunjika kidogo tu. Goti likiuma kwa mbele, mara nyingi tandiko liko chini mno. Likiuma kwa nyuma, liko juu mno. Kwenye mteremko mkali, na kwenye majabali hasa, lishushe kidogo, rudisha makalio nyuma, na utumie breki zote mbili. Mkono ukifa ganzi ujue umeulalia sana usukani. Hilo ni la kawaida kwenye baiskeli za gia, kwa kuwa zinakuinamisha kuliko zile nzito.

MASWALI MNAYOULIZA SANA

Haya yanaulizwa kwa kunong'ona, sisi tunayajibu kwa sauti.

"Eti baiskeli inamaliza nguvu za kiume?" Hapana, kuendesha baiskeli hakumfanyi mtu hanithi, na mazoezi yanasaidia moyo na mishipa ya damu, vitu ambavyo nguvu hizo zinavitegemea. Ila kuna jambo la kweli humo. Tandiko jembamba lililoinua pua linakandamiza mishipa ya fahamu na ya damu iliyo katikati ya mapaja, unapata ganzi. Ganzi ni taarifa, usiivumilie. Simama juu ya pedeli kila baada ya dakika chache, laza tandiko liwe sawasawa, na chagua lenye upana wa kubeba ile mifupa miwili ya makalio. Tandiko pana la springi unaweza kulihamishia kwenye baiskeli ya gia, nani kakukataza? Ganzi ikiendelea baada ya kushuka, au ukipata maumivu wakati wa kukojoa, nenda kituo cha afya.

"Mimi ni msichana. Bibi anasema nikipanda baiskeli nitapoteza bikira." Shikamoo yake bibi, lakini hapa hatukubaliani naye. Bikira ni mtu ambaye hajawahi kujamiiana, na hakuna baiskeli inayojamiiana na mtu. Kizinda ni kingozi laini, kila msichana anacho kwa umbo lake, wengine huzaliwa na kidogo sana. Kinaweza kutanuka kwa michezo, kinaweza kubaki kilivyo, na hakuna anayeweza kukuangalia akajua umefanya nini maishani. Wewe angalia mambo haya: bomba la juu liwe limeshuka ili sketi ya shule isikusumbue, na tandiko liwe pana, maana kwa kawaida mifupa ya makalio ya wanawake imeachana zaidi. Kama shule iko kilomita 6 na njia ina vichaka, baiskeli inayokwenda vizuri inakupunguzia pia muda wa kuwa peke yako njiani.

KABLA HUJATOA HELA

Baiskeli nyingi za gia hapa kwetu ni za mtumba, kwa hiyo usiwe na haya. Inua gurudumu la mbele, lizungushe, tazama kama rimu inakwenda moja kwa moja au inayumba. Tikisa mikono ya pedeli: ikicheza, kuna gharama. Pitisha kidole chini ya maungio ya fremu, hasa chini ya usukani, utafute ufa au mahali palipochomelewa na kupakwa rangi. Badilisha gia zote, moja baada ya nyingine, huku unaendesha. Muuzaji akikukataza kujaribu, muage. Na ukiweza, nenda na begi lako la kila siku, mpande mlima wa kwenu nalo.

Mimi leo naendesha ya gia, isiyo na shokapu, fremu ya chuma, matairi laini, keria iliyochomelewa vizuri. Sibebi mikate tena. Ningekuwa bado naibeba, ningenunua nyeusi.

Jambo moja la mwisho, maana kila Jumamosi naliona. Ukishaipata baiskeli yako, usiiingize ziwani kuiosha. Kwenye maji ya kina kifupi, penye majani na konokono, kuna vijidudu vya kichocho vinavyopenya ngozi ndani ya dakika chache, wewe huku unasugua spoki na kupiga soga. Maji ya bomba au ya kisima ni salama zaidi kwa kazi hiyo. Kama ni ya ziwa, yachote, hakikisha hayana konokono, yaache kwenye pipa siku 2, ndiyo uoshee. Na kama umeshazoea kuingia ziwani, usingoje damu kwenye choo wala tumbo kujaa. Nenda kituo cha afya ukapimwe. Dawa ipo, ni vidonge vya prazikwanteli, na vinamezwa siku hiyohiyo.